Kabati la Mtandao Lifunguliwe

Tumechoka kuambiwa kwamba mtandao hakuna. Tunataka kuambiwa umekatikia wapi, umekatika saa ngapi, nani amekwenda kuuangalia, na atarudi na jibu lini. Afisa asiyeweza kujibu hayo hajatupa habari. Ametupa kisingizio, na watu wa Kiogoro, huku Kisii, wamekilipia kisingizio hicho miaka nenda miaka rudi.

Wamekilipia kwa nauli. Mtu wa Kiogoro akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, leseni ya duka au karatasi za shamba alilorithi, anapanda boda boda au matatu, anafika ofisini, anapiga foleni. Akifika dirishani anaambiwa, “Mama, mtandao umepotea, jaribu kesho.” Kesho ni nauli nyingine. Kesho ni siku nyingine ya mkungu wa ndizi kukosa muuzaji na ng'ombe kukosa wa kumkatia nyasi. Karani aliyetamka maneno hayo hajapoteza hata shilingi: mshahara wake utaingia mtandao uwepo usiwepo. Mwanakandarasi aliyetandaza nyaya alilipwa zamani. Mkubwa aliyetia sahihi kwamba kazi imekamilika amekwisha kusahau jengo lenyewe liko wapi.

Hilo ndilo shina la balaa hili. Hitilafu ya mtandao katika ofisi ya umma huishi maisha marefu kwa sababu anayeumia hana ufunguo, na mwenye ufunguo haumii. Msinidanganye kwamba ni ufundi mgumu. Nendeni sokoni mkamtazame kijana mwenye saiba. Ana kompyuta chache, mashine ya kutoa nakala na ruta iliyotundikwa kwenye msumari. Intaneti yake ikizimika, hamalizi dakika mbili ameketi. Anaangalia taa, anachomoa, anachomeka, anabadilisha waya, anampigia simu mtoa huduma na kumtajia taa iliyogeuka nyekundu. Anahangaika hivyo kwa kuwa kila dakika ya ukimya inamnyima chakula cha mchana. Na mara nyingi mtu aliyefukuzwa kwenye dirisha la ofisi huishia kwake, akalipa ada juu ya ada, akafunguliwa tovuti ile ile ya serikali aliyoambiwa muda mfupi uliopita kwamba haipatikani. Tovuti ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuinama chini ya meza.

Tukumbuke safari ya intaneti kabla haijafika huku kwetu milimani. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na huduma ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mwaka huo kebo ya TEAMS ikatua Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000 chini ya bahari. SEACOM ikawashwa mwezi Julai, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Serikali nayo ikachimba mitaro na kutandaza faiba ya taifa, ile NOFBI, kuelekea makao ya kaunti. Mabilioni yakatumika. Mwanga ukavuka bahari, ukapita nyika, ukashuka Bonde la Ufa na kupanda tena hadi Gusii. Halafu, baada ya mwendo wote huo, unafia kwenye mita 30 za mwisho, ndani ya kabati la bati lenye kufuli ambayo hakuna mtu katika jengo zima anayejua ufunguo wake uko wapi.

Kutafuta hitilafu ya mtandao si uganga. Ni kuuliza maswali kwa mpango, ukianzia karibu na kwenda mbali, vile fundi wa bomba anavyofuata maji kutoka mferejini hadi kwenye tangi mpaka akapata palipokauka.

Swali la kwanza linaulizwa kwa mdomo: ni kompyuta moja iliyokosa mtandao, au ni zote? Kama ni moja, msimsumbue mtu wa Nairobi. Shida iko kwenye kompyuta hiyo, waya wake, au tundu lake kwenye swichi. Kama ni zote, nendeni kwenye swichi na ruta. Kama na jengo la jirani limekosa, tafuteni kwa mtoa huduma. Swali hilo halihitaji diploma, na likiulizwa tu, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Swali la pili linaulizwa kwa macho. Pale waya unapoingia kwenye kompyuta huwa pana taa ndogo. Ikiwa imezimika, hakuna haja ya kuitaja Nairobi wala sistimu. Waya umechomoka, umekanyagwa na mguu wa kiti, umetafunwa na panya, au swichi haina stima. Leta waya mwingine unaojua ni mzima, uuchomeke, uangalie tena.

Swali la tatu inaulizwa kompyuta yenyewe: una anwani gani? Katika ofisi nyingi, kila kompyuta hupewa namba na ruta inapojiunga na mtandao. Ukikuta namba inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba, ikanyamaziwa, ikajipachika namba yake yenyewe. Basi ama njia ya kwenda kwa ruta imekatika, ama ruta imelala.

Swali la nne huulizwa kwa amri ya ping, programu ndogo ambayo Mmarekani Mike Muuss aliiandika mwezi Desemba 1983 na ambayo mafundi wa dunia nzima wanaitumia hadi leo. Hutuma ujumbe mfupi kwa mashine nyingine na kusubiri jibu. Iite ruta ya ofisini. Ikijibu, ndani ya jengo ni shwari. Ita namba ya mbali, mathalani 8.8.8.8 ya Google. Ikijibu, intaneti ipo. Ikiwa namba inajibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, iliyokwama ni ile huduma inayogeuza majina kuwa namba, na mara nyingi kuitengeneza ni suala la kuandika upya namba moja au mbili kwenye mipangilio. Ikiwa tovuti nyingine zote zinafunguka isipokuwa ile ya serikali, hapo, na hapo tu, karani ana haki ya kutuambia kwamba shida iko Nairobi.

Kazi yote hiyo inamalizika chai haijapoa. Ofisi ngapi zinaifanya kabla ya kumwambia mzee wa watu arudi kesho?

Na kuna visababishi vyetu wenyewe ambavyo mtu yeyote aliyekulia huku angevitarajia. Nyanda za juu za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo hupenda kuja alasiri pamoja na ngurumo. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima yetu na kuzaa radi. Kila mtoto wa Kisii na Nyamira anajua kwamba mawingu yakikusanyika mtu hasimami chini ya mkaratusi. Mtoto anajua, mchoraji wa mtandao wa ofisi hajui! Anavuta waya wa shaba kutoka jengo moja hadi jingine, unaning'inia juu ya ua bila kinga yoyote. Radi ikipiga hata pembeni, umeme unapenya kwenye waya huo na kuunguza swichi, ruta, na wakati mwingine kompyuta zenyewe. Kisha tunaambiwa vifaa “vimeharibika” na vinahitaji bajeti mpya. Dawa inajulikana: kati ya jengo na jengo pitisha faiba isiyo na chuma, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, weka vizuizi vya radi kwenye njia ya stima, unganisha kabati na waya wa ardhini. Mvua ya masika haikutuvamia kwa ghafla. Ilikuwa hapa kabla ya zabuni.

Kisha kuna wizi wa waya, na sisemi ule wa usiku wa koleo na tochi. Nasema wa mchana, wa risiti. Viwango vya kimataifa vya nyaya za mtandao vinataka nyuzi za shaba tupu. Sokoni kuna nyaya za bei ya chini ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukizitazama, huoni tofauti. Zikunje kwenye kona ya ukuta, na nyuzi zinaanza kukatika humo ndani bila mtu kuona. Kipimo chake ni kisu: kwangua unyuzi mmoja, na ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa alumini kwa bei ya shaba. Urefu nao una sheria. Waya wa shaba wa mtandao usizidi mita 100 kati ya swichi na kompyuta. Anayeuvuta kupita hapo ili aokoe bei ya swichi nyingine ametuachia mtandao wa kuja na kuondoka, ambao ni mbaya kuliko uliokufa kabisa, kwa sababu kila fundi anapofika anaukuta unafanya kazi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inatambua kamati ya kukagua na kupokea bidhaa. Ni kamati gani iliyowahi kuingia chumbani na kisu na futi? Wanahesabu maboksi, wanatia sahihi, wanakunywa soda.

Makosa ya mikono yetu pia yapo, na hayahitaji aibu bali mtu wa kuyaona. Anayefagia anakuta waya unaning'inia, anauchomeka kwenye tundu lililo wazi kwa nia njema, na ncha zote mbili zinakuwa kwenye swichi moja. Ujumbe unazunguka na kujizidisha bila kikomo, na baada ya muda mfupi ofisi nzima imenyamaza huku taa za swichi zikimetameta kwa fujo. Radia Perlman alibuni kanuni ya kuzuia mzunguko huo mwaka 1985. Miaka arobaini baadaye tunaendelea kununua swichi za bei ya chini kabisa zisizokuwa nayo. Afisa mwingine analeta ruta ya nyumbani ili apate waifai mezani pake. Anaichomeka vibaya, nayo inaanza kugawa namba zisizofaa kwa nusu ya wenzake. Kwingine ni kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa. Kila ikiwashwa inadhani iko mwaka mwingine, inavikataa vyeti vya usalama vya tovuti, na mtumiaji anaapa kwamba mtandao hakuna. Betri hiyo hununuliwa dukani kwa pesa za mfukoni. Haihitaji zabuni.

Basi kwa nini kabati halifunguliwi? Kwa sababu uzinduzi una kamera na matengenezo hayana. Mtandao wa ofisi huzaliwa kwa hotuba na utepe, kisha huachwa yatima. Nywila ya ruta inabaki kwa kampuni iliyoifunga. Mchoro wa nyaya haukuchorwa, au ulichorwa ukapotea. Nyaya arobaini za rangi moja zinaingia kwenye swichi bila lebo hata moja. Afisa wa teknolojia ni mmoja kwa majengo mengi, hana gari, na anapofika anakuta kufuli. Wakati huo huo mjini Kisii kuna Kisii National Polytechnic, na kuna Chuo Kikuu cha Kisii kilichopata hati yake mwaka 2013. Vijana wanafundishwa humo kukata waya, kuufunga kichwa na kuupima. Wakimaliza, wanarudi nyumbani kuendesha boda boda, na abiria wao ni yule yule mama anayeambiwa arudi kesho.

Serikali iliyopo iliahidi kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya waifai ya umma, na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Kiogoro ni wadi. Nauliza kabla utepe haujakatwa: kituo hicho kikizimika Jumanne alasiri baada ya radi, nani atafungua kabati Jumatano asubuhi? Kama hakuna jina la kutaja, msituletee. Tunazo ofisi za kutosha zenye kompyuta zilizofunikwa vitambaa.

Najua watakavyojibu. Watasema usalama: mkiwapa makarani funguo na nywila, wezi wataingia kwenye data ya wananchi. Hoja hiyo ina uzito, lakini imebebeshwa mzigo usio wake. Sijaomba karani apewe nywila ya seva yenye kumbukumbu za ardhi. Naomba apewe ruhusa ya kuangalia taa, kubadilisha waya, kuwasha swichi upya na kusoma hali ya ruta bila kuibadilisha. Ufunguo ukae kwa maafisa wawili wenye majina, na kila ufunguaji uandikwe kwenye daftari kwa sahihi. Kabati lisilofunguliwa na yeyote halilindi data. Linamlinda mwanakandarasi.

Watasema pia kwamba wakati mwingine shida ni ya taifa au ya dunia. Ni kweli. Mwezi Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, na huduma zikakwama nchi nzima. Usiku wa 25 Agosti mwaka huo huo stima ilizimika karibu kila pembe ya Kenya. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaumia. Siku kama hizo karani wa huku hana lawama, na hakuna anayemdai miujiza. Ndiyo maana nataka apime na aandike: siku ya hitilafu ya bahari ijulikane kuwa ya bahari, isigeuzwe blanketi la kufunika siku nyingine zote ambazo ni waya tu uliochomoka.

Tena serikali hii hii imetufungia mlango wa pili. Mwaka 2023 iliagiza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen na namba moja, 222222. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikachukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF kwa mfumo mpya, na wiki za mwanzo wagonjwa wakakwama hospitalini huku wahudumu wakitazama skrini. Sipingi teknolojia, na sisahau foleni za pesa taslimu na mafaili yaliyokuwa yakipotea hadi mtu atoe kitu kidogo. Lakini anayelazimisha kila mtu apite mlango mmoja ana wajibu wa kuhakikisha bawaba haitoki, na mlango ukikwama awe na dirisha. Ofisi iwe na fomu za karatasi zenye namba za mfululizo. Mtandao ukizimika, maelezo ya mwananchi yaandikwe, apewe risiti, aende zake, na karani ayaingize mtandao ukirudi. Atakayerudi kesho awe karani kwenye meza yake, si mama kwenye boda boda.

Na hili si ombi la huruma. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa kiutawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa utaratibu wa haki, na kinampa aliyeathiriwa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Tuanze hapo. Ukiambiwa mtandao hakuna, usigeuke kimya. Sema kwa heshima: “Naomba uniandikie saa mliyogundua, mlichopima, na siku nitakayohudumiwa.” Karani akiandika, tumepata kumbukumbu. Akikataa, ipo Tume ya Haki katika Utawala, ile ya Ombudsman, na malalamiko mia yanayofanana hayapuuzwi kwa wepesi kama lalamiko moja.

Tunayodai yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Kila ofisi ya umma, iwe ya kaunti au ya serikali kuu, ibandike ukutani majina ya wenye ufunguo wa kabati la mtandao. Ndani ya kabati kuwe na mchoro, lebo kwenye kila waya, na nyaya za akiba zilizopimwa. Kila hitilafu iandikwe: ilianza lini, ilikuwa wapi, iliisha lini, nani aliitengeneza. Mikataba ya matengenezo imkate mwanakandarasi pesa kwa kila saa ambayo mtandao umelala kwa kosa lake, aonje kidogo anachokionja mwenye saiba. Na vijana wa vyuo vyetu walipwe kuzunguka ofisi hizi, angalau mara moja kwa mwezi, na baada ya kila radi kubwa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya mwezi Aprili kwisha, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Kikao hicho kikija, watu wa Kiogoro tusiombe tena kompyuta mpya. Tusimame tuulize shilingi ngapi zimetengwa kutunza mtandao uliopo, na tudai kuonyeshwa daftari la hitilafu la mwaka uliopita. Mwanasiasa atakayeshindwa kututajia mtu mwenye ufunguo wa kabati, tumwambie neno hilo hilo tulilozoea kuambiwa sisi: arudi kesho. Na akija kuomba kura mwaka 2027, tumwambie tena.